Masharti ya Ulinganishi: Mfano wa Kiswahili cha Kilosa na Mikumi

Wilaya ya Kilosa, ambamo umo mji wa Mikumi, ni makutano ya lugha: Kisagara, Kikaguru na Kividunda huzungumzwa sambamba na Kiswahili. Mtafiti atakaye kujua iwapo wazawa wa lugha hizo tatu hutofautiana katika urefu wa irabu inayobeba mkazo wa neno la Kiswahili, aghalabu hutumia uchanganuzi wa varianzi wa njia moja, mbinu iliyoasisiwa na Ronald Fisher katika miaka ya 1920.

Mbinu hiyo ina masharti matatu. Kwanza, vipimo visitegemeane. Wasemaji 4 wakitamka neno mara 10 kila mmoja, hawageuki kuwa wasemaji 40. Kila msemaji na awakilishwe na wastani wake mmoja. Pili, mabaki, yaani tofauti ya kila kipimo na wastani wa kundi lake, yakaribie mgawanyo wa kawaida. Hukaguliwa mabaki, si data ghafi, kwani makundi yaliyochanganywa huweza kuonyesha vilele kadhaa na kumpotosha mkaguzi. Tatu, varianzi za makundi zilingane. Jaribio la Levene la mwaka 1960 hupima hilo, na zisipolingana, njia ya Welch ya mwaka 1951 hufaa zaidi.

Sharti la kwanza ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa hulindwa wakati wa kukusanya data. Likivunjwa, tofauti ya watu wanne hutangazwa kuwa tabia ya jamii nzima, na mtoto wa Kividunda huhukumiwa darasani kwa kosa la hesabu.