Kwa nini Fuso yetu ililala garaji siku tatu

Maneno ya komite ya gari mbele ya mkutano mkuu wa muungano



Tumeitwa kujibu ulizo moja. Muliuliza kwa nini gari ililala garaji siku tatu wakati maharagi yalikuwa yamekwisha kufungwa ndani ya magunia na soko ya Sake inangoja. Wengine walisema komite inakula pesa. Hatukukasirika, kila mtu anaogopea jasho lake. Wafazili nao, kwa heshima, waliuliza kwa nini raporti inaonyesha sili, grisi, magogo ya mkaratusi na ufunguo mmoja mkubwa, lakini haionyeshi hata tairi moja mpya. Jibu ni moja kwa wote: tulifungua freni za nyuma.

Munajua tulivyorudi. Kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa mwezi wa 2 mwaka 2025, wengi tulifika tukakuta nyumba hazina mabati na mashamba yamekuwa pori. Tulianza na jembe, halafu mbegu, halafu hii gari, ambayo ilikuwa mzee siku ile tuliyoinunua. Na kazi yake munaiona. Inapanda na chumvi, sabuni na watu wachache. Inashuka imejaa: maharagi, viazi, mbao. Yaani inapanda nyepesi na inashuka nzito. Huko chini tambarare freni ni ya kusimamisha gari. Huku kwetu, kutoka Katale na Matanda hadi Mushaki, halafu ule mteremko wa kuingia Sake, freni ndiyo inayobeba mzigo.

Tufanye hesabu kidogo. Gari ya tani 7 ikishuka mita 100 za wima (si mita za barabara, ni za kwenda chini kama ndoo kisimani), na injini isiposaidia, freni zinapata moto wa kutosha kuchemsha bido nzima ya maji ya lita 20. Mita 100 zingine, bido nyingine. Huo moto wote unaingia ndani ya matamburi. Tamburi ni ile sufuria ya chuma iliyofichwa ndani ya gurudumu. Ukikanyaga freni, viatu viwili vinafunguka ndani yake na kuisugua. Ikipata moto sana, chuma kinapanuka na kukimbia viatu, na mguu wa shofere unashuka hadi chini bila kupata kitu. Kwa hiyo mukimwona anashuka polepole na vitesi ya pili, injini inalia, musimwambie aharakishe. Injini ndiyo inamsaidia kushika. Na jambo lingine: vijana waache kumwagia tamburi maji likiwa moto. Linatoa moshi mzuri wa kutazama, kweli, lakini lile ni chuma cha kumimina, na likipozwa ghafla linapasuka.

Sasa ile siku. Tulikuwa tumeshapita Mushaki, wengine wetu tumekaa juu ya magunia. Harufu ikaanza, si ya makala, ni ile kali ya kitu kinachoungua. Gurudumu la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limelowa. Shofere akakanyaga, gari ikavuta upande mmoja, akakanyaga tena, haikushika. Alirudisha vitesi na akaisukuma gari ndani ya mfereji, upande wa mlima. Magunia mawili ya mama mjane yalipasuka, maharagi yakaenda na mteremko. Hakuna aliyekufa. Upande wa pili wa barabara munaujua wenyewe, hatuna haja ya kuueleza.

Tulipofungua tulikuta nini? Ndani ya ekseli ya nyuma mna mafuta mazito, na yanazuiwa na sili, pete ndogo ya mpira, yasifike kwenye freni. Ile sili ilikuwa imekatika. Ilikuwa imeingizwa kwa nyundo, alama zilionekana, katika garaji moja mjini, miezi michache kabla. Mafuta yakapita yakalowesha garnitiri, ile ngozi ngumu iliyobandikwa juu ya viatu. Garnitiri iliyokunywa mafuta haiponi. Kuna mafundi wanaimwagia petroli na kuiwasha eti mafuta yaungue. Inakauka juu, ndani inabaki imelowa, na ikipata moto mteremkoni inayatapika tena. Ile ni ya kutupa. Hapo ndipo pesa za raporti zilikwenda.

Basi siku tatu zilikuwa za nini? Kwa pikipiki unafungua freni ukiwa umekaa juu ya jiwe. Kwa Fuso ya zamani kama yetu, tamburi limefungwa nyuma ya kitovu cha gurudumu, na kitovu hakitoki mpaka utoe shafti inayozungusha gurudumu. Kuna gari ambazo tamburi linatoka peke yake. Yetu si ya namna hiyo.

Na hapa tunataka kukawia, kwa sababu hapa ndipo tulikosa karibu kupoteza kijana. Freni ya mkono ya gari yetu haishiki magurudumu. Iko chini katikati, nyuma ya sanduku la vitesi, inashika ule mti unaozunguka kwenda nyuma. Nguvu yake inafika kwenye magurudumu kwa kupitia zile shafti mbili. Sasa toa shafti moja. Gari iko huru! Freni ya mkono umeivuta hadi mwisho, na haishiki chochote, hata upande ule mwingine ambao haujaugusa. Kijana wetu alivuta shafti, gari ikaanza kwenda. Jiwe moja ndilo liliizuia, tena jiwe ambalo mtoto alikuwa amelileta ili akalie. Toka siku ile, hakuna kufungua nati hata moja kabla ya magurudumu ya mbele kuzuiwa, mbele na nyuma yake, na mahali pawe tambarare. Na jeki ni ya kuinua tu, si ya kushika. Yale magogo ya mkaratusi muliyoyaona ndani ya raporti ndiyo yanashika, yamepangwa kwa kupishana chini ya ekseli, huku na huku.

Tuendelee. Nati za magurudumu ya kushoto, kwa Fuso na Isuzu nyingi za zamani, zinafunguka kinyume: unazungusha kama unafunga. Vijana wamekata bulo nyingi kwa kutolijua hilo. Nati za shafti zikitoka, shafti inabaki imeshikwa na kutu. Unaigonga katikati ya uso wake kwa nyundo ya shaba, si ya chuma, mpaka ilegee, na chini umeweka beseni kwa sababu mafuta yatamwagika. Ndani utakuta nati kubwa iliyofungwa na kipande cha bati kilichokunjwa ili isilegee. Kinyooshe kwanza. Wengi wanaipiga ile nati kwa tindo izunguke. Inazunguka, ndiyo, lakini meno yake yanaharibika, na siku ya kuirudisha hutajua umeikaza kiasi gani. Yetu tuliikuta na makovu ya tindo pande zote. Ndiyo sababu ya ule ufunguo mkubwa: fundi wa kuchomea vyuma alitutengenezea kwa bomba nene, kwa kipimo cha nati yenyewe. Utabaki mali ya muungano.

Kitovu pamoja na tamburi kinapita uzito wa gunia la sementi, kinataka watu wawili. Kisipotoka, musikipige kwa hasira. Viatu vimechimba njia ndani ya tamburi na ukingo umevishika. Rudisha kwanza kile kirekebisho cha freni nyuma ya sahani, viatu vikusanyike, halafu kitatoka. Sisi hatukujua, tulipiga siku nzima. Siku moja kati ya zile tatu ni ya ujinga wetu, tunaikubali.

Vumbi lililo ndani, lile jeusi, lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Garnitiri za zamani nyingi zina amianti, na amianti ikiingia mapafuni haitoki. Inaua baada ya miaka mingi, wakati hakuna anayekumbuka gari. Tunalowesha kwa maji ya sabuni na kupangusa. Bamama wanaouza mandazi karibu na garaji tunawaomba wasogee siku hiyo, na watoto pia, ingawa tunajua hakuna kinachowapendeza watoto kama gari isiyo na gurudumu.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, lakini rulma hazikazwi kwa nguvu za mikono tu. Unakaza huku unazungusha kitovu, halafu unalegeza kidogo kwa kipimo cha kitabu cha gari ile, unakunja bati. Ukikaza kupita kiasi rulma zinaungua, ukiacha huru gurudumu linacheza na kukata sili mpya. Baada ya safari ya kwanza tunashika kitovu kwa mkono: kikiwa moto kuliko mwenzake, tunafungua tena.

Kwa wale vijana wetu wanaofanya kazi kwenye gari kubwa zenye freni ya upepo: lile kopo lililofungwa nyuma ya gurudumu lina springi kali ndani. Lisifunguliwe hata kwa kuombwa.

Wafazili wetu, tunajua tairi mpya inapiga picha vizuri na sili haionekani. Tunaomba mutuachie fungu la vitu visivyoonekana. Na wanamemba, tumeamua freni za nyuma zifunguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mavuno ya maharagi ya mwezi wa 1 na ya mwezi wa 6, hata kama gari inaonekana nzima. Aliye na neno juu ya hilo aliseme leo, mbele ya wote.

Yule mama wa magunia mawili alilipwa gunia moja kutoka sanduku la muungano. La pili tunalileta kwenu mulikatie shauri kabla ya mkutano kufungwa. Upande wa kulia wa gari bado haujafunguliwa. Kazi itaanza Jumatatu. Magunia ambayo yamekwisha kuandikishwa yatapakiwa Alhamisi asubuhi, kwa mustari ule ule.