Umri wa Watu Wetu na Huduma Tunazozikusudia
Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano wa Wanachama, Rau



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Muungano wetu, nasi tumeona si vema kuitumia nafasi hii kuhesabu magunia. Habari za magunia, bei na makato zimo katika taarifa ya mwaka, na kila chama kimekwisha kupewa nakala yake. Leo twapenda kuhesabu watu. Na si idadi yao tu, bali umri wao. Maana mbele ya mkutano huu liko jambo la kuamua: akiba ya maendeleo, iliyokatwa kilo kwa kilo katika kahawa yetu, itajenga nini?

Maombi yaliyofika ofisini ni mengi, na aghalabu barua hizo huja mwezi wa Januari, baada ya watoto wetu wakaao Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kuja kula Krismasi na kurudi makazini. Siku hizo za Desemba vihamba hujaa, barabara za Uru hujaa magari, kanisani hapana pa kukaa; na mtu akiutazama umati ule husema kuwa hakika twahitaji ukumbi mkubwa. Ifikapo katikati ya Januari, kihamba hubaki na bibi, babu na wajukuu. Hatuwalaumu wenye kuomba ukumbi. Twasema tu kwamba unaombewa watu wa majuma mawili, na akiba hii ni ya watu wa miezi kumi na miwili.

Na tutazame hesabu ya Serikali. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,640,087. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 1,861,934. Ni ongezeko la watu kama 13 na nusu katika kila mia kwa muda wa miaka kumi. Katika muda huo huo Tanzania nzima ilitoka watu 44,928,923 ikafika 61,741,120, yaani ongezeko la zaidi ya 37 katika kila mia. Ni kweli twazaa wachache kuliko babu zetu. Lakini zaidi ya hayo, tukisha kuzaa na kusomesha, twasafirisha. Vihamba vimegawanywa vizazi kwa vizazi hata kijana wa leo haoni pa kusimamisha nyumba, sembuse pa kupanda mibuni. Wenzetu tuliokaa nao dawati moja mpaka kidato cha nne, leo atakaye kuwaona na aende Kariakoo.

Tukumbuke pia kwamba sensa humhesabu mtu mahali alipolala. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu waliolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, nao ni wakati wa kuchuma kahawa. Basi aliyehesabiwa Uru usiku ule ndiye aliyeshika kikapu asubuhi yake. Lau tungewapanga watu wa vijiji vyetu vya juu kwa umri, watoto chini na wazee juu, tungepata umbo la kibuyu: chini pana, kiunoni pembamba, na juu pakavimba tena. Pale kiunoni ndipo palipokuwa na nguvu zetu.

Hapa Rau umbo ni jingine kabisa. Rau ni kata ya Manispaa ya Moshi. Vijana wenye kazi mjini hupanga vyumba kwetu, huoa, huzaa, na shule zetu hubanwa. Tukipanda Uru Mashariki au Uru Kaskazini tumo katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na huko yako madarasa yenye madawati matupu. Kipimo cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Kwa kipimo hicho, chumba kipya cha darasa ni haki ya Rau. Kule juu kingekuwa pambo, nasi hatuoni haya kusema hivyo mbele ya wajumbe wa juu, kwa sababu wao wana haja nyingine iliyo kubwa zaidi.

Haja hiyo ni hii. Kahawa mbivu yapasa kumenywa siku ile ile iliyochumwa. Ikilala huanza kuchacha, na bei yake huanguka. Mzee wa miaka sabini na mitano aweza kuchuma debe lake hata saa nane, lakini kulibeba kushuka bondeni na kupanda ng'ambo ya pili hadi kwenye mashine, katika utelezi, hawezi. Hungoja mjukuu atoke shule. Mjukuu akichelewa, kahawa imelala. Sisi makarani huandika daraja la pili, kumbe tumeandika umri wa mwenye kahawa. Kwa hiyo ofisi yenu yapendekeza akiba ya mwaka huu ilete vituo vya kupokelea kahawa karibu na vihamba vya juu, na gari la kuzungukia vituo hivyo jioni.

Mifereji nayo ni vivyo hivyo. Mfongo wa wazee wetu ulisafishwa na wanaume wa ukoo, na asiyetokea alitozwa faini. Leo baragumu ikilia hutokea watu watano, na wanne kati yao wana mikongojo. Kumtoza faini ajuza wa miaka themanini ni aibu. Ni afadhali tulipe vibarua kwa fedha ya pamoja.

Hata mibuni yetu ni mizee. Taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanza mwaka 2001 pale Lyamungu imetoa miche isiyoshindwa na chulebuni wala kutu ya majani, lakini mche huo hungojewa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa sawasawa. Mzee husema, "Nampandia nani?" Kihamba ni cha kitinda mimba, na kitinda mimba yuko Dar es Salaam. Swali hilo halijibiwi na bwana shamba. Yafaa aliyeko Dar es Salaam aitwe mkutanoni Desemba hii, aulizwe yeye.

Juu ya afya, mtoto hupelekwa kliniki, akikua huacha. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari ana safari kila mwezi mpaka kufa kwake. Twaomba tuzungumze na halmashauri zote mbili ili mganga apande mara moja kwa mwezi hadi ghala la chama, siku ile ile ya malipo. Ghala lipo na watu wamekwisha kufika. Gharama yake ni ndogo.

Wako watakaosema habari za wazee ni kazi ya Serikali. Naam, Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, nayo yamtaja mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Zanzibar walikwenda mbele zaidi: tangu Aprili 2016 kila aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye 50,000. Lakini hata hao hawakuweza kulipa kabla ya kujua nani ana miaka mingapi. Daftari letu la wanachama lina jina, namba na kilo. Mwaka wa kuzaliwa haumo.

Kwa hiyo twaomba idhini ya mkutano kuongeza safu mbili katika daftari, kuanzia siku ya kwanza ya kupokea kahawa msimu ujao: mwaka wa kuzaliwa, na watu wanaolala katika nyumba kwa umri wao. Asiye na cheti asisumbuliwe. Karani amwulize kwa upole: Mangi Mkuu Thomas Marealle alipotawazwa, 1952, ulikuwa umezaliwa? Usiku mwenge ulipowashwa Kibo, 1961, ulikuwa mgongoni mwa mama, au ulikwisha kuchunga mbuzi? Vyama vikuu vilipofutwa, 1976, ulikuwa na mtoto wa kwanza? Na akishindwa yeye, waulizwe wa rika lake, maana waliotahiriwa pamoja hawasahauliani.