Kukua, Kupanuka na Kupanulika: Istilahi na Dhana katika Teknolojia na Biashara



Madhumuni ya mhadhara huu ni kuchunguza dhana ambayo wanafunzi wa kompyuta na wa biashara huikuta vitabuni kila siku, nayo ni uwezo wa mfumo kuhudumia watu wengi zaidi bila kulemewa, na bila gharama kupanda kwa kiwango kilekile. Aghalabu sisi huieleza kwa neno "kukua". Hoja yangu ni kwamba neno hilo linapotosha, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina jawabu lililo bora zaidi.

Tuanze na mnyambuliko. Kitenzi bomoa hutupatia bomoka na bomolika. "Ukuta umebomoka" hueleza jambo lililokwisha kutokea. "Ukuta unabomolika" hueleza uwezekano, hata kama hakuna aliyeugusa. Vivyo hivyo, panua hutupatia panuka na panulika. Biashara iliyopanuka si lazima iwe inapanulika. Mama lishe anayepata wateja maradufu huhitaji karibu maradufu ya unga, kuni na wasaidizi. Mwandishi wa programu huiandika mara moja, na nakala ya elfu moja humgharimu kidogo mno. Sifa hiyo ya pili ndiyo ninayopendekeza tuiite upanulikaji.

Tuchukue mfano wa M-Pesa. Huduma hii ilijaribiwa nchini Kenya mwaka 2005 kama njia ya kurejesha mikopo midogo, ikazinduliwa na Safaricom Machi 2007 kwa ajili ya kutumiana fedha, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Watumiaji walipoongezeka, mitambo nayo ilibidi iongezewe uwezo. Mwaka 2015 ile iliyohudumia Kenya ilihamishwa kutoka Ujerumani na kuwekwa Kenya, sambamba na mfumo mpya. Katika kazi ya namna hii, wataalamu hutofautisha upanuzi wa wima, yaani kuiongezea kompyuta moja nguvu, na upanuzi wa mlalo, yaani kuongeza kompyuta nyingine zigawane kazi. Ule wa kwanza hufika kikomo upesi; wa pili hudai uratibu mkubwa.

Hata hivyo, mitambo ni upande mmoja tu. Ujumbe wa simu hufika kwa sekunde chache, lakini mteja anayetaka kutoa fedha hawezi kuondoka na ujumbe. Sharti wakala awe na noti mkononi. Anayetaka kuweka fedha naye humhitaji wakala mwenye floti ya kutosha. Noti hazinakiliwi kama programu. Kwa hiyo mfumo mmoja waweza kupanulika katika sehemu moja na kukwama katika nyingine. Neno "kukua" hulificha jambo hili. "Kupanulika" humlazimu msemaji kujibu maswali matatu: ni kipi kinachopanulika, kwa gharama gani, na hadi wapi?

Yamkini baadhi yenu mtasema kwamba upanulikaji ni neno refu, na kwamba kukopa ni rahisi zaidi. Mimi sipingi ukopaji. Kompyuta na tarakilishi yote mawili yangali hai, na mabaraza ya lugha hayakuweza kuwachagulia wasemaji. Lakini neno la kukopa lingetupatia jina tu, ilhali kauli ya kutendeka inatupatia maana pamoja na jina.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Kijana anayekopa ili afungue matawi ya biashara isiyopanulika aweza kuona mauzo yakiongezeka huku deni likimshinda. Istilahi sahihi haitamlipia deni hilo, lakini ingemwezesha kuuliza swali lifaalo kabla ya kutia saini. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi, na ndiyo sababu tunapaswa kuziunda kwa makini.