Kubadili Betri ya Land Rover ya Zamani

Leo sitasema juu ya mbegu wala samadi. Nataka tuzungumze juu ya betri. Najua wengi wenu mnapeleka mazao sokoni kwa Land Rover za zamani, zile ambazo watu wa mjini huziita mikweche, lakini ninyi wenyewe mnajua kwamba zinapita mahali ambapo pikapu mpya inakwama. Sasa gari hilo likigoma kuwaka saa kumi alfajiri, na matenga ya nyanya yamekwisha kupakiwa, soko halitakungoja. Na betri mpya ni fedha nyingi. Ukinunua isiyofaa, au ukaifunga kinyume, umepata hasara mara mbili.

Jambo la kwanza, hakikisha kwamba betri imekufa kweli. Betri nyingi zinazotupwa hazina kosa. Kosa liko kwenye mkanda wa feni uliolegea, au kwenye vichwa vya betri vilivyoota ule unga mweupe au wa kijani. Safisha vichwa hivyo, kaza mkanda, kisha peleka betri ikachajiwe mpaka ijae. Iache ikae usiku kucha bila kufungwa kwenye gari. Asubuhi mwombe fundi aipime. Betri nzima ya volti 12 husoma kama volti 12.6. Ikiwa imeshuka mpaka 12 au chini ya hapo, na ilikuwa imejazwa jana yake, hiyo imechoka. Halafu pimeni tena gari likiwa linanguruma, si kwa mngurumo wa chini bali kwa mafuta ya kutosha. Isome kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Isipofika hapo, dainamo au altaneta haichaji, na ukinunua betri mpya nayo itakufa vilevile.

Hapa lazima niseme juu ya tabia moja mbaya. Wapo mafundi ambao, wakitaka kujua kama gari linachaji, huchomoa waya wa betri huku injini inazunguka. Usikubali! Gari lenye altaneta likifanyiwa hivyo, umeme hupanda ghafla na kuunguza vifaa vilivyomo ndani ya altaneta. Kipimo cha volti hakina gharama kubwa, na fundi asiyekuwa nacho akaazime kwa mwenzake.

Haya, tuseme betri imekufa kweli, unakwenda dukani. Nenda umepima kisahani cha kuwekea betri: urefu, upana, na kimo mpaka kwenye boneti. Watu husahau kimo. Betri ndefu mno, boneti likifungwa hugusa vichwa, na hapo ni moto. Angalia pia vichwa viko upande gani, maana nyaya za magari haya ni nene na fupi, hazivutiki. Betri zinazoitwa N70, za ampia-saa 70 hivi, hutumika sana kwenye magari ya namna hii. Usidanganywe kwamba kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Land Rover zenye dainamo, nyingi zake hutoa ampia 22 tu. Ukiipa betri kubwa, na safari yako ni kilometa tano kwenda mnadani na kurudi, haitajaa hata siku moja. Betri isiyojaa huota ugumu kwenye bamba zake za risasi, na ndio mwisho wake.

Mtu wa duka anaweza kukupa betri ya sola kwa sababu ndiyo aliyonayo. Ikatae. Betri ya sola imetengenezwa kutoa umeme kidogokidogo usiku kucha. Stata inataka umeme mwingi kwa nukta chache. Na kinyume chake ni kweli: betri ya gari ukiipeleka nyumbani iwashe taa na televisheni mpaka iishe kabisa, ukarudia na kurudia, usishangae msimu haujakwisha nayo imelala. Wengi wenu mnafanya hivyo, nawaona.

Uliza betri ilitengenezwa lini. Betri iliyojazwa tindikali ikakaa dukani mwaka mzima kwenye joto hupoteza nguvu bila kutumiwa. Mwambie muuzaji aipime mbele yako. Ikiwa chini ya volti 12.4, mwachie. Chukua risiti na kadi ya dhamana.

Sasa kufunga, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Magari karibu yote ya siku hizi, kichwa cha betri chenye alama ya kutoa, yaani hasi, ndicho kinachofungwa kwenye bodi. Lakini Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967, pamoja na trekta ndogo za Ferguson TE20 za miaka ya 1940 na 1950, ziko kinyume: kichwa chanya, chenye alama ya kujumlisha, ndicho kinachokwenda kwenye bodi. Kijana aliyejifunza kazi kwenye magari mapya hajui habari hii.

Nilipata kuitwa na kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya ambao gari lao ni la namna hiyo. Walikuwa wamechanga fedha wakanunua betri mpya, na fundi akaifunga kama alivyozoea, hasi kwenye bodi. Na gari likawaka! Hicho ndicho kinachodanganya watu. Stata za magari haya huzunguka upande uleule hata ukigeuza betri, na taa zinawaka kama kawaida. Lakini dainamo ilikuwa bado inatoa umeme wake wa upande wa zamani. Walipoongeza mafuta, umeme wa dainamo na wa betri vikaungana badala ya kupambana, na kile kisanduku kinachorekebisha chaji kikaungua. Hawakufika hata barabara kuu. Nyanya za siku hiyo ziliuzwa njiani kwa bei ya kutupa, na kisanduku kingine kilipatikana baada ya wiki mbili. Kama gari lao lingekuwa na altaneta, ingeungua papo hapo walipogusisha waya.

Basi kabla hujafungua chochote, tazama waya upi umefungwa kwenye bodi au chesisi, na kwenye betri ya zamani umeshika kichwa chenye alama gani. Chukua rangi au chokaa uandike. Usitegemee rangi ya nyaya, kwani zimekwisha badilishwa mara nyingi, wala usitegemee mwaka wa gari peke yake, kwa kuwa mengine yaligeuzwa baadaye na wenyewe. Ikiwa alama zimefutika, angalia unene: kichwa chanya ni kinene kidogo kuliko kichwa hasi.

Watu hufundishwa, "Fungua hasi kwanza." Kwa gari la zamani maneno hayo yanaweza kukuletea ajali. Sema hivi: fungua kwanza waya unaokwenda kwenye bodi, uwe chanya au uwe hasi, na wakati wa kufunga, waya wa bodi uwe wa mwisho. Sababu yake ni hii. Ukianza na ule waya mwingine, spana yako ikagusa bodi, umeme wote wa betri hupita kwenye spana. Spana hiyo huiva ikawa nyekundu, na mkono wako uko hapohapo. Vua pete na saa.

Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu, ikarusha tindikali usoni. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika zisizopungua 15, kisha kimbia zahanati. Usitie maziwa, usitie dawa ya kienyeji.

Kisahani kilicholiwa na tindikali kioshe kwa maji yenye magadi soda, kikauke, ukipake rangi. Vichwa na vibano visugue kwa msasa mpaka ving'ae. Kibano kisipoingia, kipanue kwa bisibisi taratibu; usikigonge kwa nyundo, utapasua betri. Ukisha kukaza, paka grisi kidogo juu yake.

Kisha ifunge betri kwenye kisahani isicheze hata kidogo. Kwa barabara zetu hili ni kubwa kuliko mnavyodhani. Betri inayorukaruka humwaga unga wa risasi kutoka kwenye bamba, unga hujaa chini, na siku moja bamba hugusana. Kipande cha tyubu ya zamani chini ya betri hupunguza mshtuko. Lakini usiifunge kwa waya mtupu unaopita juu ya vichwa. Hilo nimeliona, na boneti lake lilikuwa limeungua.

Kama betri yako ina vifuniko, vifungue kila mwezi uone bamba zimefunikwa. Ongeza maji ya betri tu, si tindikali, si maji ya kisima. Soma chupa kabla ya kumimina, maana tindikali na maji huuzwa katika chupa zinazofanana.

Na ile betri ya zamani, usiivunje uani ili uyeyushe risasi ya kufungia nyavu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na haionekani wala hainuki. Huko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, watu waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Irudishe betri nzima nzima dukani; maduka mengi hukupunguzia bei ya mpya. Mwulize muuzaji kabla hujalipa.

Wiki ijayo tutaendelea na gari hilohilo, tuone namna ya kurekebisha mkanda wa feni. Kwaherini.