ALAMA MOJA, DHAMANA MOJA
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, Tukuyu



Kwanza tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka 10 ya kuweka na kukopeshana si mchezo. Hesabu ameshazisoma Mweka Hazina, sitazirudia. Mimi nina jambo moja tu, lile tutakalolipigia kura baada ya chakula: tovuti ya kuuzia bidhaa zetu, na sura itakayokuwa nayo.

Akina mama, hali ilivyo sasa mnaijua. Unga wetu wa ndizi uko kwenye mfuko mweupe wenye maandishi mekundu. Asali ina kibandiko cha ua ambalo hapa Rungwe halioti. Mafuta ya parachichi yana picha ya mama wa Kizungu anacheka. Kila kamati ilichukua kilichopatikana dukani kwa bei nafuu. Matokeo yake, mteja wa Mbeya aliyeupenda unga wetu anapita mbele ya asali yetu bila kujua kwamba imetoka kwenye mikono ile ile. Tukiingia kwenye intaneti hivyo hivyo, tutaonekana kama maduka matatu ya watu wasiojuana.

Elimu ya jambo hili tunayo wenyewe, tumejifunga kiunoni. Tazameni kanga. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne. Katikati kuna mji. Chini yake kuna jina, yaani yale maneno. Michoro inabadilika kila siku, lakini pindo, mji na jina vinasikilizana, na jina ni moja. Nani kati yenu amewahi kuona kanga yenye majina matano? Kule Mombasa alikuwepo mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887. Kanga zake aliziandika "Mali ya Abdulla". Mnunuzi akiona maneno yale, anajua kanga imetoka kwa nani.

Na hapa kwetu, fundi akijenga nyumba anakutuma ukalete Tembo. Hahitaji kutaja saruji wala kiwanda cha Songwe. Hata asiyejua kusoma anauona tembo kwenye mfuko, anatoa hela.

Sasa sisi tuchukue alama gani? Mmeleta mapendekezo matatu. La kwanza ni Mlima Rungwe. Ni mlima wetu, una mita 2,960 hivi, tunaupenda. Lakini uchore mdogo kwenye kifuniko cha chupa, nani ataujua na mlima mwingine? La pili ni parachichi. Ni kweli linaleta fedha siku hizi, lakini ukilibandika kwenye asali mteja atauliza asali hii ina parachichi? La tatu ni jani la mgomba. Kamati imelipima hivi: mtoto analichora chini kwa kijiti, likiwa dogo kama sarafu bado linajulikana, na likipigwa mhuri wa rangi moja halipotei. Tena mgomba uko nyuma ya kila nyumba hapa, na jani lake tunafunikia chungu na kutandika bidhaa gulioni. Hatuazimi kwa mtu. Kamati inaliunga mkono jani, nami pia.

Kijana anayetutengenezea tovuti tumemwambia aifanye kama kanga. Pindo liwe rangi zile zile kila ukurasa: kijani cha jani na njano ya ndizi mbivu, basi. Mji uwe picha ya bidhaa yenyewe, iliyopigwa hapa hapa, isiwe ya kuokota. Jina liwe la kikundi, na chini yake bei na namba ya simu, mahali pale pale kila ukurasa, mteja asitafute. Picha zisiwe nzito, maana wateja wetu wananunua bando la shilingi chache. Na jani lisijazwe kila kona. Likizidi linakuwa pori, bidhaa haionekani. Jani hilo hilo liwe kwenye mifuko, kwenye chupa, kwenye kitambaa cha meza ya maonyesho na kwenye sare yetu.

Najua wapo wenzetu wenye wateja wao wa siku nyingi. Wanasema, unga wangu mzuri utachanganywa na wa mvivu. Hofu hiyo si ya kijinga, jamani. Alama haisafishi unga wenye mchanga. Inautangaza tu, na sote tunatangazwa nao. Kwa hiyo tumeweka masharti: nyuma ya kila mfuko patakuwa na namba ya mwanachama aliyeutengeneza, na kamati ya ubora itakagua kabla jani halijabandikwa. Bidhaa isiyofaa inarudi kwa mwenyewe.

Hili kwetu si geni. Tangu tulipoanza, mama akichukua mkopo wenzake wanamdhamini. Akishindwa, wote tunadaiwa. Jani ni dhamana ile ile, ila safari hii anayetudai ni mteja, naye hatumi barua ya kukumbusha, anahama tu.

Mkikubali, hatua ya kwanza ni kusajili alama BRELA, mtu asije akaitumia kabla yetu. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, baada ya hapo unahuishwa kwa miaka 10. Gharama itatoka mfuko wa maendeleo, haitagusa hisa ya mtu.

Kura ni ya siri. Anayelikataa jani asiogope, bado ni mwenzetu. Lakini atakayelikubali ajue amekubali pia kukaguliwa, kuanzia mimi mwenyekiti.