Nani Analipia Kampeni?

(Hotuba iliyotolewa na mwenzetu, mtumishi wa serikali, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya fedha katika uchaguzi. Mimi ni mtumishi wa serikali. Sikuja kumnadi mtu wala chama. Lakini wengi wenu wanafunzi mtapiga kura yenu ya kwanza karibuni, na ni vema mpige mkijua.

Wazee wetu wanaukumbuka uchaguzi wa 1965. Huku Bara, katika majimbo mengi walisimama wagombea wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. TANU ndiyo iliyoandaa mikutano, na wote wawili walihutubia pamoja. Mfumo ule ulikuwa na kasoro, kwani chama kilikuwa kimoja na ndicho kilichochuja majina. Hata hivyo, tajiri hakuwa na njia ya wazi ya kumnunulia mgombea wake jukwaa.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mambo yalibadilika. Magari, mafuta, vipaza sauti, fulana na khanga vyote vinataka fedha, na mwenye fedha akaanza kutafutwa. Mwaka 2000 Bunge liliongeza katika Sheria ya Uchaguzi ya 1985 vifungu vilivyosema kwamba ukarimu wa kawaida au wa jadi, ukifanywa kwa nia njema, si hongo. Hiyo ndiyo takrima. Sote tumelelewa kumkirimu mgeni. Lakini tazameni: katika takrima hii mgeni ndiye aliyemlisha mwenyeji!

Mwaka 2006, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo. Ilionekana kwamba vinambagua mgombea maskini, na kwamba havikuweka kikomo cha kutenganisha ukarimu na hongo. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, iliyoweka kikomo cha matumizi na wajibu wa kutoa taarifa za michango.

Sheria ni nzuri, lakini haioni kila bahasha. Wahenga walisema: mla cha mwenziwe, na chake huliwa. Anayejaza mafuta magari ya kampeni nzima mara nyingi hatoi sadaka, anakopesha. Halipwi fedha taslimu. Hulipwa kwa zabuni, leseni, kiwanja au msamaha wa kodi. Deni hilo huishia mezani kwetu sisi watumishi, likiwa ndani ya faili lenye agizo la kushughulikiwa haraka. Na mlipaji wa mwisho ni mwananchi, ambaye barabara yake inabomoka baada ya masika moja.

Mtu atasema mkono mtupu haulambwi, na mwenye njaa hawezi kukataa kilo ya sukari. Simlaumu mwenye njaa. Namkumbusha tu kwamba sukari ni ya wiki moja, na ubunge ni wa miaka mitano.

Wadogo zangu, anzeni hapa hapa. Anayetaka ukiranja akija na maandazi, muulizeni nani kayanunua na anataka nini. Mkitoka hapa, mwulizeni mgombea ubunge swali hilo hilo.

Nasi wakubwa tusijitoe. Wapo watakaotaka kuifanya michango ya bweni na maktaba ya shule hii kuwa ngazi ya kupandia siasa. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja: kila mchango kwa umoja wetu usomwe hadharani, jina na kiasi. Asiyetaka jina lake lisomwe, abaki na fedha zake.