Maharagwe, Mtoto na Mbwa wa Nyumbani

Leo tunazungumza juu ya maharagwe. Si yale ya sahani yako, bali yale unayommwagia mbwa.

Hapa Migosi mbwa wengi hula kile familia imebakisha: ugali, vichwa vya omena, na ile nyoyo iliyokataa kuiva. Makaa ni ghali, umechoka kungoja, unaepua sufuria na kusema, "Haya, hii apewe mbwa." Usiku mbwa anatapika na kuhara. Asubuhi mwenye boma anamshuku jirani kwamba ametega sumu. Kabla hujagombana na jirani, ikumbuke sufuria ile.

Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Mtu akila punje nne au tano tu anaweza kutapika vibaya ndani ya saa moja hadi tatu. Mbwa naye humdhuru vivyo hivyo. Tena, maharagwe yaliyopata moto kidogo bila kuchemka sawasawa yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi kabisa. Wewe unayetumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa makaa, sikukatazi, ni kitu kizuri. Lakini maharagwe yachemke kwanza jikoni, ndipo yaingie kikapuni.

Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, uweke mengine. Yakianza kutokota, yaache yachemke kwa nguvu nusu saa nzima, kisha uendelee mpaka punje ibonyee kwa vidole. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo usifanye haraka.

Yakiiva hivyo, mbwa anaweza kula kidogo pamoja na ugali wake. Ila mtekee kabla hujakaanga. Kitunguu, hata kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa, na dalili huchelewa siku kadhaa: analegea, ufizi unakuwa mweupe, mkojo unageuka rangi ya chai.

Na maharagwe au njugu zenye ukungu je? Usimpe. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu yaliua watu 125 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, na sumu hiyo huua mbwa pia. Yafukie shimoni.

Unapochagua maharagwe, okota kila punje iliyoanguka. Mbwa na mtoto anayetambaa wote hula chini, na mtoto anaweza hata kupaliwa.

Mbwa akitapika, mpe maji safi kidogo kidogo. Akitoa damu, au siku ikipita bila nafuu, mwite daktari wa mifugo. Lakini ukiona mate yanamchuruzika, hawezi kumeza, anauma ovyo, usiseme ni maharagwe. Huenda ni kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni, na watoto waingie ndani. Akimuuma mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umpeleke hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata kama ni mkwaruzo tu.